Naombeni uzoefu: kushauri bodi za kampuni huku Nyanda za Juu Kusini, ni kazi au ni posho tu?

MamaSisimba

Habari za jioni wakuu, kamwene kwa wa Iringa na mwaghonile kwa wa Tukuyu. Niko Mbeya mjini, miaka 51, nimefanya kazi benki miaka 24 na nane ya mwisho nilikuwa meneja wa tawi, mwaka jana mwezi wa kumi nikaacha kwa hiari yangu maana nilishachoka kuamka usiku nawaza malengo ya robo mwaka. CPA (cheti cha uhasibu) ninayo. Sina haraka ya hela sana ila sitaki kukaa nyumbani nihesabu kuku.

Sasa mwezi uliopita mteja wangu wa zamani, mzee mmoja wa parachichi upande wa Makambako, wana kampuni ya familia wanapakia na kupeleka nje, akanipigia akasema mama njoo ukae na bodi yetu utushauri. Nikamuuliza naja kama mjumbe au kama nani? Akacheka, "wewe njoo tu, chai ipo". Nikaenda. Bodi yenyewe ni yeye mwenyekiti, mkewe, vijana wao wawili, shemeji na rafiki yake mmoja wa zamani. Tumeanza saa nne, mpaka saa saba tunaongelea fuso moja bovu, injini inunuliwe au gari liuzwe, mimi nimekaa na daftari langu nimeandika tarehe tu. Mwisho nikachangia maneno matatu kuhusu madeni, tukala kuku, nikapewa bahasha ya kaki, ndani laki mbili. Njia nzima kwenye basi nikawa najiuliza hivi nimefanya kazi au nimekula posho ya watu.

Nimesoma soma nikaona kuna watu wanaishi kwa hii kitu, washauri huru wa bodi, hawajaajiriwa na yeyote, wana kampuni tatu nne wanazozunguka. Kwa huku kwetu inawezekana? Lazima uwe mkurugenzi kwanza? Cheti gani kinahitajika, unatozaje, na je wateja wote si wako Dar? Mwenye uzoefu anisaidie, wa kunicheka pia karibu ila acheke kistaarabu.

KabweJuu

Dada mi nikwambie ukweli tu, hiyo kazi Mbeya haipo. Kampuni za huku bodi yake ni mwenye mali na simu yake. Bodi za mashirika ya umma ndo zina hela kidogo na huko haombi mtu, mwenyekiti anateuliwa na Rais na wajumbe na waziri, we utapitia wapi? Fungua wakala wa fedha pale Mwanjelwa utanishukuru.

MnyaluMstaafu

Dada MamaSisimba, kamwene. Mimi nipo Gangilonga, hii kazi nimeifanya mwaka wa tisa sasa, kabla ya hapo nilikuwa kiwandani upande wa uzalishaji, wala sio mhasibu. KabweJuu hajakosea sana, ntamrudia.

Kwanza ujue ulichoenda kufanya. Kwenye ile meza ya Makambako kuna maswali ambayo kila mtu anayajua na hakuna wa kuyauliza. Kijana hawezi kumuuliza baba hela ya kontena la mwezi wa tano iko wapi. Shemeji hawezi, anakaa nyumba ya kampuni. Rafiki wa zamani ndo kabisa, amekuja kwa kuku. Wewe umeitwa kwa sababu ukiuliza jambo likaharibika, unapanda basi unarudi Sisimba na maisha yanaendelea. Huo ndo uhuru wenyewe. Siku bahasha ya yule mzee ikiwa ndo ada ya shule ya mtoto wako, uhuru umekwisha hata kama kadi yako ya biashara bado imeandikwa mshauri huru.

Nikupe mfano. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nashauri kampuni ya mbao maeneo ya Mafinga, mwezi wa saba, baridi ile unayoijua, wameweka jiko la mkaa mlangoni na dirisha wazi. Makabrasha tumegawiwa asubuhi ile ile, kurasa sabini na kitu, zimebanwa na pini moja kubwa. Hiyo peke yake ni dalili, mtu anayekupa kurasa sabini asubuhi ya kikao hataki uzisome. Mkurugenzi mtendaji anasoma kwa sauti, sisi tunafunua. Ukurasa wa 41 chini kabisa kuna mstari mmoja, madeni ya wateja yaliyopita siku 90, tarakimu ilikuwa mara mbili ya kikao kilichopita. Nikaona wajumbe wote wanafunua kwenda 42. Nikasema samahani mwenyekiti, naomba turudi nyuma, hawa wateja ni akina nani? Aisee ukimya ule, nilisikia mkaa unapasuka. Kumbe zaidi ya nusu ya lile deni ni la mteja mmoja na huyo mteja ameoa kwa mkurugenzi. Wajumbe watatu walikuwa wanajua, mmoja alihudhuria harusi.

Sikufanya cha ajabu pale, sikuwa hata na PowerPoint. Ila ile kampuni ilinipa mkataba wa miaka mitatu, na mwenyekiti wake ndo aliyenitaja kwa wateja wangu wawili waliofuata. LinkedIn haijawahi kuniletea mtu. Huku kazi inatembea kwa mdomo, mwenyekiti anamwambia mwenyekiti mwenzake, msibani au kwenye ibada au wamekutana kwenye gari.

Ushauri wangu: kabla hujakubali kazi yoyote omba mihutasari ya vikao vinne vya nyuma. Soma sehemu mbili tu, *yatokanayo* (yale yaliyobaki kutoka kikao kilichopita) na *mengineyo*. Kwenye yatokanayo ukikuta ajenda ile ile inahamishwa kikao hadi kikao, mfano "suala la hati ya kiwanja linaendelea kushughulikiwa" mara nne, basi hapo pana mtu hataki liishe. Na kwenye mengineyo ndo maamuzi makubwa yanakofichwa, watu wamechoka, wanaitazama ile milo inayoingia, mtu anachomeka "kikao kiliridhia kukopa". Kampuni isiyo na mihutasari kabisa pia usiikimbie, hapo kazi yako ya kwanza umeshaipata.

Kuhusu Dar, wateja wakubwa wapo huko ndio. Lakini hesabu huku, chai ya Mufindi na Rungwe, mbao, parachichi za Njombe, mchele wa Mbarali, kahawa ya Mbozi, hospitali na shule za makanisa zenye bodi mpaka basi, wasafirishaji wa Tunduma. Wengi wana bodi ya kwenye karatasi na sasa watoto wamesoma wanaanza kudai mambo yaende kikampuni. Soko lipo, ila halijui jina la kazi yako.

Katibu_wa_Vikao

Nachangia upande wa sheria maana hapa watu wengi wanaumia bila kujua. Mimi ni wakili na ni katibu wa kampuni mbili tatu.

Mjumbe wa bodi na mshauri wa bodi ni vitu viwili tofauti. Mjumbe ni mkurugenzi kwa Sheria ya Makampuni ya 2002, jina lake linapelekwa BRELA (wanaosajili kampuni), anapiga kura, ana wajibu kwa kampuni na mambo yakiharibika anaulizwa yeye binafsi. Mshauri hana kura na hana wajibu ule. Lakini kuna mtego, sheria inamtambua pia mkurugenzi wa kivuli, yani mtu ambaye hayupo kwenye karatasi ila wakurugenzi wamezoea kufuata maagizo yake. Anayetoa ushauri wa kitaalamu hahesabiwi hivyo kwa sababu ya ushauri tu. Sasa ukianza kuwaambia "fanyeni hivi", ukawa unaidhinisha malipo, ukawekwa kwenye saini za benki kwa kuwa mzee anakuamini, umeshatoka kwenye ushauri.

Kwahiyo dada angalia kitu kidogo sana ambacho watu wanakidharau, kwenye muhtasari jina lako linaandikwa wapi? Kuna *waliohudhuria* na kuna *waalikwa*. Wewe ni mwalikwa. Ule muhtasari wa Makambako kama upo, uombe uone. Nakuwekea dau wamekuandika mjumbe.

Na upate barua ya uteuzi au mkataba, hata ukurasa mmoja na nusu: unamshauri nani (bodi nzima au mwenyekiti peke yake), mara ngapi kwa mwaka, nyaraka utazipata lini kabla ya kikao, siri za kampuni, malipo, na kila upande unaachaje. Kama ni kampuni unayoifanyia ukaguzi wa hesabu usiiguse kabisa, huwezi kushauri leo na kesho ukakague ulichoshauri.

MamaSisimba

Jamani asanteni sana, ndaga fijo. Katibu nimempigia yule kijana wa pili ndo anaandika mihutasari, nikamwomba anitumie picha. Umeshinda dau, nimeandikwa namba 7, mjumbe!! Nimecheka halafu nikaogopa.

MnyaluMstaafu hiyo ya ukurasa wa 41 imeniingia. Swali, cheti je? Na bei?

MnyaluMstaafu

Cheti sio lazima, hakuna leseni ya kuitwa mshauri wa bodi. Ila kozi inasaidia, IoDT, taasisi ya wakurugenzi ya Dar, wanafundisha wakurugenzi na pale utakutana na wenyeviti, hiyo pia ni faida. Soma miongozo ya utawala bora ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMSA) hata kama mteja wako hayupo soko la hisa, na ripoti za Afrika Kusini za jaji Mervyn King, ya kwanza ilitoka 1994. Hata ile ya Uingereza ya 1992 ya Adrian Cadbury, wa familia ile ile ya chokoleti, watu wa Kyela mnaomenya kakao mnamjua bila kumjua. Ile ripoti ilitoka wakati Uingereza bado inaugulia Maxwell, tajiri wa magazeti aliyekufa 1991 ikagundulika hela za pensheni za wafanyakazi zimechotwa, na bodi alikuwa nayo, tena ya watu wazito. Huwa nawasimulia wateja wangu hiyo stori, inawatuliza wanaodhani bodi ni suti.

Bei. Usitoze kwa kikao, kikao kinachukua masaa sita lakini makabrasha umeyasoma siku nzima na umesafiri siku moja. Toza kwa siku zote za kazi, nauli na malazi pembeni. Ukishazoeana nao weka ritena, yani malipo ya mwaka mzima, vikao vinne na simu za katikati, sehemu ya kwanza ilipwe kabla hujaanza. Na usikubali kamwe asilimia, sijui asilimia ya faida au ya mkopo utakaopatikana. Ukishakuwa na asilimia unataka jambo litokee, na aliyetaka jambo litokee hawezi kuliuliza maswali.

Mhasibu_Mpakani

Hapo kwenye malipo niongezee ya TRA kabla hamjaingia kwenye matatizo. Ile bahasha ya kaki dada ndo mwanzo wa kesi. Ukilipwa kama mjumbe wa bodi asiye mwajiriwa, ada ya ukurugenzi inakatwa 15% juu kwa juu. Ukilipwa kama mshauri mkazi wa Tanzania mwenye TIN yako, ni ada ya huduma, kodi ya zuio (anayokata anayekulipa) ni 5%. Kwa milioni moja ni tofauti ya 150,000 na 50,000. Kwahiyo ile namba 7 kwenye muhtasari sio ya kisheria tu, ina hela ndani yake. Ila usishangilie sana, ile 5% sio mwisho wa kodi, unadai cheti cha zuio kila unapolipwa, unakitunza, mwisho wa mwaka unapeleka ritani (taarifa ya mapato yako) TRA na unahesabiwa kodi yote, 5% inapunguzwa humo. Watu hawadai vyeti halafu mwezi wa sita wanalia.

Sajili jina la biashara BRELA, chukua leseni ya halmashauri, ankara yako iwe na TIN, EFD (mashine ya risiti) utaihitaji. VAT kwa kawaida inaanzia mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, ila watoa huduma za kitaalamu wanaweza kutakiwa kusajiliwa hata chini ya hapo, waulize TRA kabla hujaanza. Na kwa kuwa una CPA, ukianza kuwaandalia hesabu na sio kushauri tu, hiyo ni kazi ya kihasibu kwa umma, mpaka NBAA (bodi ya wahasibu) wakusajili kwa hilo.

dada_wa_Mufindi

Nimesoma yote na naona kuna kitu hakuna aliyekigusa. Dada umetoka BENKI. Meneja wa tawi. Nakuuliza kwa upendo, huyo mzee anataka mshauri au anataka mtu wa kumfungulia mlango wa mikopo?

Nauliza kwa sababu mimi yalinikuta. Nilitoka taasisi moja ya fedha, nikaitwa na kampuni ya usafirishaji, sitaitaja, nikae na bodi. Nilifurahi nikanunua mpaka koti jipya. Vikao viwili vya mwanzo nilisikilizwa kama mchungaji. Cha tatu mwenyekiti akaniambia pembeni, sasa mama tusaidie kule kwa wenzako. Nikasema mimi hayo siyafanyi, naweza kuwasaidia bodi kuona kama mkopo wenyewe mnaumudu. Kikao cha nne sikuitwa. Nilipopiga simu nikaambiwa kimeahirishwa, kumbe kilikaa. Ada ya vikao viwili mpaka leo sijaiona na mkataba sikuwa nao, nilikuwa na wasap tu.

Baada ya hapo nikarudi chini. Nikaanza na SACCOS na AMCOS, vyama vya akiba na mikopo na vya ushirika wa wakulima. Kule bodi inachaguliwa na wanachama kutoka miongoni mwao, mtu wa nje huwezi kuwa mjumbe hata ukitaka, kwahiyo wakikuita unajulikana toka mwanzo ni mshauri. Hela ni ndogo, mara ya kwanza nililipwa nauli na debe la maharage, lakini ndo shule. Wajumbe ni wakulima, wana akili sana ila mezani wamewekewa mizania ambayo hakuna aliyewahi kuwafundisha kuisoma. Nilikuwa nakaa nao jioni kabla ya kikao, nachora kwenye karatasi ya manila, hela ya wanachama hii, iliyokopeshwa hii, isiyorudi hii. Mara ya pili tu bibi mmoja, Darasa la Saba, alimuuliza meneja kwa nini isiyorudi imeongezeka na mshahara wako umeongezeka. Meneja alitafuta maji.

Na msidhani mambo ya bodi ni ya kwenye vitabu. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha na moja ilikuwa Njombe Community Bank, ya hapa hapa kwetu. Mtaji ukipungua unaonekana kwenye taarifa za kila robo mwaka muda mrefu kabla redio haijatangaza. Sasa aliyepo kwenye kikao asipoelewa ile tarakimu maana yake nini, nani amwambie?

KabweJuu

Haya nimekubali nusu. Ila debe la maharage dada, debe la maharage kweli.

dada_wa_Mufindi

Yalikuwa ya njano, usidharau.

MamaSisimba

Dada wa Mufindi umenisoma mpaka nimeona aibu. Sikuandika mwanzoni ila siku ile mzee ananisindikiza stendi aliniuliza kama bado nafahamiana na vijana wa mikopo. Nikajibu nafahamiana nao, nikaona ni stori ya kawaida. Hapa ndo naunganisha.

Nimefanya hivi. Nimeandika barua ukurasa mmoja, nimeeleza nitashauri bodi yote sio mtu mmoja, nitaandikwa mwalikwa, makabrasha nipate siku saba kabla, vikao vinne kwa mwaka, na mambo ya kuwatafutia mkopo sifanyi wala sichukui asilimia, ila bodi ikitaka kukopa nitakaa nao tupime kama hela inayoingia inatosha kulipa, hasa ile miezi ambayo hakuna mavuno na marejesho yanadaiwa vile vile. Nimeweka na bei ya siku, mkono umetetemeka nikaandika hivyo hivyo. Nimeomba muhtasari wa mwezi uliopita urekebishwe. Kijana wa pili ameuchapa upya, amenitumia hapo hapo, yule kijana atafika mbali.

Mzee amejibu leo asubuhi, nanukuu: "Barua nimeiona mama imekaa vizuri sana. Bei sawa. Alhamisi tunakusubiri. Ile ya mkopo tutaongea ukija."

MnyaluMstaafu

Hahaha. Mpigie leo dada, kabla hujakata tiketi.

Katibu_wa_Vikao

Na ukishapiga, mwandikie ujumbe wa yale mliyoongea, weka na tarehe.

MamaSisimba

Napiga sasa hivi. Inaita.